Mabakuli Saba Sebuleni kwa Peres

Peres alinipa hadi saa nane niyaondoe mabakuli yangu ya maji au niondoke mwenyewe. Saa nane watu wa ibada ya nyumbani wangefika, zamu ilikuwa yake, na binti yangu hakutaka kuonekana anafuga mganga.

"Baba, hizi vitu zako weka chini ya kitanda. Masaa mawili tu."

"Siweki."

"Basi rudi huko ulikokuwa."

Huko wapi? Nimekaa Kitale, Juba, Mombasa, popote palipokuwa na kibarua, na palipochacha nilibeba begi. Yeye nilimwacha akiwa darasa la tatu. Safari hii nilivuta kiti nikakaa.

Mabakuli ni saba, ya bati. Nilifundishwa kuyapanga kule mtaa wa Muthangari, nilipokuwa nikilima bustani ya Munyiva, nesi mstaafu anayefuata Ubuddha wa Kitibeti. Asubuhi unayajaza kuanzia kushoto, yakaribiane bila kugusana, jioni unayamwaga. Ni sadaka kwa Buddha, unajizoeza kutoa bila kinyongo. Watibeti walichagua maji kwa sababu eti hakuna anayeyaonea choyo. Ni wazi hawajakaa hapa kwetu Kabiria, mfereji umekauka siku ya nne sasa.

Wageni wakaingia na jasho lao. Mama Kavutha akaona maji yamepangwa mezani, akadhani ni ya wageni. Akashukuru, akanywa bakuli la kwanza, akamaliza na la pili.

"Tema, Mama Kavutha!" Mchungaji Kinyanjui akapiga kelele. "Hayo ni ya mizimu!"

"Nimeshameza, Pastor."

Wakamwekea mikono kichwani, wakakemea wee. Alipokataa kuanguka, Kinyanjui akanigeukia mimi.

"Mzee Obuya, wewe unaabudu nini hapa?"

"Maji siabudu. Na Buddha alikuwa mtu kama wewe, ila yeye aliweza kukaa kimya."

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Nikaendelea.

"Alisema maisha yana mateso, na mateso yanatoka kwa kung'ang'ania. Ukiachilia yanaisha. Njia ya kuachilia iko: sema kweli, usidhuru mtu, tuliza akili. Watibeti wanakazia usijitafutie nafuu peke yako. Unaapa kuwasaidia wote mpaka wa mwisho. Hata wewe, Pastor, ingawa umenichosha."

"Na huyo Buddha atakuokoa?"

"Anaonyesha njia. Kutembea ni juu yangu."

"Kutembea unajua," Peres akasema kutoka mlangoni.

Hiyo iliniingia.

"Nilikukimbia," nikamwambia mbele yao wote. "Kwa hilo sina utetezi, nisamehe. Lakini kwa haya maji siombi msamaha kwa mtu."

Kinyanjui akafunga Biblia yake. "Dada Peres, chagua. Huyu mzee au ibada."

Peres alimtazama mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mchungaji.

"Pastor, hii nyumba nimejenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Sichaguliwi mtu wa kukaa ndani." Kisha akanigeukia, na sauti haikulainika. "Na wewe, usifikiri nimesahau. Siku utakayotaka kwenda, utaniaga uso kwa uso."

"Siendi."

"Basi toka kwa hicho kiti, Mama Kavutha amesimama."