Viatu vya Kuingilia Benki

"Tulia, mwanangu, usiukimbize mguu," alisema Ottilia, akimsugua Nazari kisigino kwa gunzi la mahindi.

Maji yalikuwa na ile baridi ya Julai ya Mbinga, inayouma mpaka kwenye meno. Nazari alitoka Litumbandyosi alfajiri, nusu ya njia kwa miguu, nusu juu ya lori, na vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye magaga yake. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba benki haiingiwi na miguu ya shamba. Ila Mmatengo ana haya zake. Hakanyagi sakafu inayong'aa huku udongo wa ngolo, mashimo yake ya kulimia mlimani, unamdondoka. Kwa haya hiyo Ottilia alilea watoto, akiwa na karai, ndoo, na jozi moja ya viatu vyeusi vya kukodisha, vya marehemu mumewe Othmar.

Mtaa ule ndio uliokuwa tumbo la mji. Benki upande huu, posta jirani, ng'ambo jengo la ushirika. Zamani msimu wa kahawa ulipofika, wakulima walilala barazani, wauza vitenge wakapigana vikumbo, na Ottilia hakupata nafasi ya kujikuna. Sasa soko limekuwa huria. Vyumba vya mbele vya ushirika wamepanga wanunuzi binafsi, wanaopandisha magari milimani na fedha taslimu. Nani atashuka mjini kuoshwa miguu? Wiki nzima Nazari alikuwa mteja wake wa kwanza.

"Uvirudishe kabla hawajafunga," alimwambia. "Sina vingine."

"Nitakimbilia wapi, mama, na makatambuga yangu ya tairi unayo wewe?"

Akaingia. Alikuja kuulizia malipo ya kahawa ya mwaka jana, na uso wake haukuwa na matumaini mengi.

Jua lilihama baraza. Watu walitoka mmoja mmoja, Nazari hayumo. Mlinzi, Salvatory, alipoanza kuvuta geti la chuma, Ottilia aliacha karai akamfuata.

"Salvatory, yule kijana wa Litumbandyosi yuko wapi?"

"Katoka ulipokwenda bombani, mama. Kachukuliwa na wale wa kahawa, hapo ng'ambo."

Alivuka barabara bila kutazama magari. Nazari alikuwa amesimama kando ya pikapu iliyokwisha kuwashwa. Alipomwona, alimvuta pembeni haraka.

"Mama, wamenipa uwakala! Walitutazama foleni nzima, wakasema huyu mwenye viatu ndiye mtu wa kuaminika. Nikivua sasa hivi nimekwisha. Niachie msimu huu tu."

"Na mimi nile nini?"

"Nitakulipa mama, haki ya Mungu. Nitanunua kahawa ya Litumbandyosi yote na vijiji vya jirani. Watu wetu hawatahangaika tena kushuka huku..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akainamisha uso.

Hasira ilimpanda Ottilia mpaka machozi yakamlenga. Neno moja tu lilitosha: vua! Angelisema kwa sauti, mtaa mzima ungesikia, na viatu vya Othmar vingerudi nyumbani. Lakini alimwona Nazari anavyotetemeka midomo, mtu mzima mwenye ndevu, na lile neno akaliacha.

"Wakala!" aliita tajiri wa kahawa kutoka kwenye gari. "Nani huyo? Unamfahamu?"

Nazari aliangalia viatu.

Ottilia alichuchumaa. Alishika ncha ya kitenge chake akafuta kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, taratibu, mpaka ngozi ikang'aa.

"Hatufahamiani, bosi," alisema bila kuinua kichwa. "Nafuta viatu tu."

Nazari akapanda. Pikapu iliondoka kwa kishindo, ikashika njia ya milimani. Ottilia alibaki amechuchumaa palepale, kitenge mkononi, akiitazama ile barabara ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiteremka.