Mpunga wa Ng'ambo ya Mto

Tangu asubuhi Ciza alipakia maboksi kiwandani mtaa wa Jacobs, kusini mwa Afrika alikokimbilia, mkono ukirudi kila mara kwenye simu mfukoni. Siku hiyo, kule Kongo, chifu alikuwa anagawa mashamba ya watu waliofukuzwa.

Ciza ni Mrundi. Alivuka mto Ruzizi, ulio mpakani, akiwa kijana, akafyeka matete, akalima mpunga Kongo miaka ishirini. Vita vilipokuja, wote waliozaliwa ng'ambo ya mto wakaitwa maadui. Askari wakawapa siku moja ya kuondoka. Ghala lake likafungwa, mashine ya kukoboa ikapakiwa kwenye lori la jeshi. Hati ya shamba alimwachia jirani yake Elysée, ambaye walizikiana wazazi. Ndiye aliyeahidi kuionyesha kwa chifu ili shamba lisigawiwe.

Saa saba mchana simu ikatetemeka. Ciza akakimbilia uani.

"Kaka, imekwisha," alisema Elysée.

"Imekwisha namna gani?"

"Shamba lako walitaka kumpa komanda mmoja wa jeshi. Nikaona heri mimi. Wameliandika kwa jina langu."

"Na hati yangu?"

"Chifu ameichukua. Alisema bila hiyo hanipi."

Ciza akajiegemeza ukutani. Akigomba, Elysée angekasirika, na kule hakuwa na mtu mwingine. Akinyamaza, ameridhia. Na je, kama habari ya komanda ni ya kweli?

"Miche iko namna gani?" aliuliza hatimaye.

"Iko tayari. Wiki hii ikipita, itaharibika."

"Basi panda. Lakini nipe mama Colette niongee naye."

Colette, mke wa Elysée, alichukua simu. Ciza akamwomba kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake kwamba shamba ni la Ciza, wao wanalitunza.



"Shemeji," Colette alinong'ona, "hapa jina lako hatulitaji. Watu wanasikiliza."

Jioni, chumbani kwao mtaa wa Greyville, Ciza alimsimulia mkewe Valérie. Valérie akaacha kukunja nguo.

"Anayeogopa kutaja jina lako, atakurudishia shamba?"

Ciza akachukua nguo, akaendelea kuzikunja yeye. Wiki nzima hakupata usingizi wa maana.

Mwezi uliofuata Elysée alipiga. Ciza akapokea haraka. Kumbe alitaka kujua maji ya mfereji wa juu, yaliyozibwa kwa mawe, yanafunguliwaje, maana mpunga unakauka. Ciza akamweleza yote polepole: jiwe lipi litolewe kwanza, lipi lisiguswe.

"Asante, kaka," Elysée akasema, akakata.

Hakupiga tena.