Nyumba ya Msumeno

Fundi seremala hakuwa mtu wa kushindwa na panya. Ndiyo, binti yake alikuwa amemwambia mara chungu nzima kwamba yule si panya, ni hamsta, hana hata mkia wa maana, tena ni mali ya darasa zima na mwalimu amemkabidhi yeye amtunze likizo yote. Lakini kwa Fundi, kiumbe chenye meno mawili mbele na tabia ya kutafuna bila kupumzika kilikuwa panya tu, hata kikivalishwa suti. Yeye ndiye aliyembandika jina la Msumeno, na jina likanata.

Msumeno aliletwa kutoka shuleni ndani ya beseni la plastiki lililofunikwa kwa wavu. Alianzia kwenye ukingo, akatoboa tundu la kupitisha kichwa, na asubuhi moja akakutwa ndani ya kiatu cha mama, ameshaila soli. Wakamhamishia kwenye kizimba cha nyaya. Huko akawa anaguguna vyuma mpaka mdomo ukamchubuka. Binti, ambaye kwa wingi wa maneno aliitwa Chiriku na hakuona ubaya wa jina hilo, alikuwa akipiga magoti mbele ya kizimba akimsihi aache, kama mke anayemsihi mume mlevi.

"Baba, ataumia huyu. Mtengenezee nyumba."

"Nitamtengenezea," Fundi akasema huku akijipiga kifua. "Nyumba ambayo hata akiitafuna mpaka uzeeni, hatafika nje."

Hapo ndipo ubingwa ulipomponza. Mtu mwingine yeyote angeokota kibao chochote kikavu, akapigilia misumari, mambo yakaisha. Lakini kwa seremala huyu, mbao nzuri ilikuwa ile ambayo mdudu akiionja anajuta. Maisha yake yote alikuwa akiwasifia wateja mbao za paa zilizochovywa kwenye dawa ya mchwa, akizigonga kwa kiganja na kusema, "Hizi haziliwi, mama." Basi alipotaka kumpa mwanawe kilicho bora, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mabaki ya mbao hizo. Alizipiga randa mpaka rangi ya kijani ya dawa ikatoka, akazipiga msasa, akaziunga kwa gundi bila msumari hata mmoja kuonekana, na mbele akatia kioo. Hakuwaza kwamba safari hii mpangaji wa nyumba angekuwa ndiye mdudu mwenyewe.

Lilikuwa sanduku zuri, tusidanganyane. Majirani walikuja kulitazama. Msumeno naye aliingia, akanusa, akachagua kona na kuanza kazi, na Chiriku akakimbilia karakana kumpasha baba yake habari kwamba mgeni ameipenda nyumba.

Haikuchukua muda, Msumeno akaacha kukimbia. Manyoya yakamsimama, macho yakafumba nusu. Mchana mmoja Chiriku alitoka naye chumbani akiwa amemfunga kwenye kitambaa, naye hakuwa akipumua tena.

"Ulimlisha nini?" mama yake akauliza.

Chiriku alikuwa akilia kiasi kwamba maneno yalitoka vipande vipande. "Chungwa. Mwalimu alikataza machungwa. Nilikuwa nakula, akawa ananiangalia, nikamhurumia. Kipande kidogo tu, mama."

Fundi alikuwa ameinamia sanduku. Kona ile ilikuwa imechimbwa hasa, na kule ndani, ambako randa haikufika, mbao ilikuwa bado ya kijani kama siku ilipotolewa kwenye pipa la dawa. Alijua papo hapo. Akafunika kona ile kwa kiganja, ingawa hakuna aliyekuwa akiitazama, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Basi labda ni hilo chungwa," akasema.

Alitegemea neno "labda" limbebee mzigo wote. Lakini mtoto anayelia hasikii labda. Chiriku aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa hukumu na kuikubali.

Walimzika Msumeno nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo nyumba ikapoa. Chiriku aliyekuwa akiwachosha watu kwa maswali sasa alijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Mama yake akimenya chungwa, yeye anainuka na kwenda chumbani. Na kila siku alilichukua lile sanduku, akalisugua kwa maji ya moto na sabuni, akalianika juani. Fundi alimwona kupitia dirisha la karakana, na nafsi ikamsuta. Alijiambia ni panya tu, mtoto atasahau. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ilipofika akajitia ana kazi nyingi. Akakata mbao za mlango zikapelea, akamfokea msaidizi wake, akajua fika kwamba anayestahili kufokewa ni yeye.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mwalimu, aliyekwisha kupashwa na mama kwamba Msumeno amekufa, akaja nyumbani. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole, na Chiriku hakumngoja hata akae.

"Mwalimu, nimemuua Msumeno. Ulinikataza machungwa, nikampa. Nitawaambia darasa zima mwenyewe."

Mwalimu alimvuta kifuani, akamfuta machozi. "Pole, mwanangu. Sote hukosea. Na nina habari njema, tumepata mwingine." Kisha jicho lake likatua kwenye sanduku, akalishika. "Hee, Fundi! Ndiyo kazi gani hii? Nilikuwa nimewaza kumweka mpya kwenye tangi la kioo tupu, lakini hili limelipita mbali. Nitaondoka nalo leo leo."

Fundi alijikuna kichwa pasipowasha. "Hilo limeshachakaa, mwalimu. Liache, nitaunda jingine."

"Halijachakaa, baba," Chiriku akasema. Alikuwa ameliwekea mkono juu, akilipapasa. "Nimelisafisha vizuri. Sanduku halina kosa. Kosa ni langu."

Bado njia ya kukwepa ilikuwepo. Angeweza kusema atalipeleka mwenyewe, kisha akalichoma moto na kusingizia wezi, na kwa kweli wazo hilo lilimjia na akaliona tamu. Lakini maneno yale, kosa ni langu, mtoto aliyasema bila kulia, kwa sauti ya mwanafunzi anayerudia somo alilolishika barabara. Na aliyemfundisha somo hilo ni yeye baba yake. Fundi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mtu mzima yeyote.

"Si chungwa," akasema. "Mwanangu, si chungwa. Ni mbao. Zina dawa ya mchwa, imezama mpaka ndani. Mimi ndiye niliyezichagua. Mimi ndiye niliyemuua."

Mwalimu aliondoa mkono wake kwenye sanduku polepole. Mama mtu, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alibaki amesimama. Fundi alingoja aulizwe kwa nini alitumia mbao za namna ile. Hilo alikuwa na jibu lake, tena la kweli: hakukusudia, alitaka kilicho bora, ni kichwa cha kifundi tu. Alikuwa amelitayarisha siku zote zile.

Chiriku hakuuliza hilo.

"Ulijua lini?"

Fundi alitazama chini. Angeweza kusema leo, na nani angembishia?

"Siku ile ile," akasema. "Nilijua kabla sijasema ni chungwa."

Mtoto hakulia, na Fundi alitamani angelia. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, tumweke kwenye tangi la kioo."

"Nitalitengeneza mimi," Fundi akadakia, haraka mno. "La kioo tupu, mama yangu, bila hata kijiti cha mbao. Nitaanza sasa hivi."

"Hapana, baba, asante," Chiriku akasema. "Tutatafuta fundi mwingine."

Aliyasema hayo kwa adabu kabisa, kama mteja aliyekwisha kutapeliwa mara moja, wala hakumwangalia.