Mutetemo wa Saa ya Bendera

Wifi yangu Riziki njo alisema wa kwanza kwamba gari haimupendi Halima. Alisema kwenye harusi, mbele ya watu, na mimi niko na sahani ya wali mukononi. Halima ni mimi. Wali ule sikuumaliza, na mimi si muntu wa kuacha wali.

Gari yenyewe ni kamionete ya bwana yangu Masudi, Toyota nyeupe iliyochoka lakini inatembea. Siku za soko tulikuwa tunapakia samaki waliotoka Lokandu pale kivukoni Kindu, mimi na yeye peke yetu, tunapanda kuelekea soko. Kila asubuhi tukifika mbele ya biro ya zoni, ile ofisi ya serikali, bendera inapandishwa. Wakati ule wa utawala wa Chama kimoja, filimbi ikilia na bendera ikianza kupanda, kila muntu anasimama pale alipo. Mwenye baiskeli anasimama, mwenye mutungi kichwani anasimama, magari nayo yanasimama, na hakuna kusogea. Sasa pale pale, kwenye kilima kidogo cha mbele ya biro, motere ya Masudi, injini ile, inaanza kutetemeka. Si mutetemo wa mchezo, jamani! Vioo vinalia, samaki wanaruka nyuma kama wamefufuka, kilemba changu kinashuka mpaka kwenye jicho, na siwezi kuinua mukono kukipandisha. Vijana wa Chama wananiangalia mimi, kama vile njo mimi ninayetetemeka.

Bendera ikifika juu, filimbi inalia tena, Masudi anaondoka, na motere inatulia kabisa.

Siku zingine akipita pale pale na wapakizi wake wa muchanga, saa ile ile, hakuna kitu. Mutetemo ulikuwa wa siku zangu tu. Ndiyo Riziki akapata la kusema: Halima iko na nuksi, gari inamukataa.

Ningecheka kama si Kalima. Kabla ya kununua gari, Masudi alikuwa kule mbali Kalima, kwenye kazi ya kuchimba madini ya bati. Alikuwa anarudi Idi mpaka Idi. Mutoto wetu Amuri alizaliwa baba yake hayupo, akaota meno baba yake hayupo. Siku baba alirudi, mutoto akamukimbia akajificha nyuma yangu. Gari njo ilimurudisha Masudi nyumbani. Na sasa alikuwa anataka kuiuza.

"Mama Amuri," aliniambia, "motere inakufa. Heri niiuze ingali inatembea. Nimeishapata munuzi, Kabasele, anakuja kuichukua Ijumaa, sala ikiisha."

"Na wewe utafanya nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Kalima bado wanatafuta watu."

Lo! Nilimwambia maneno siwezi kuyarudia hapa. Kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu nilikuwa nimemuzoea. Nilikuwa nimezoea kusikia muntu anakoroma pembeni yangu, hata kama ananinyima usingizi.

Alhamisi nilimuvuta kwa mukono mpaka garaji ya Badibanga. Huyu Badibanga ni Mukasai aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, kisha akafungua garaji yake. Gari yetu alikuwa ameishaifungua mara nyingi. Alikuwa amebadilisha buji, zile plagi, amesafisha karburatere, amekaza vyuma vyote vinavyoshika motere. Siku ile pia aliweka kipande cha muti nyuma ya gurudumu, kwa sababu freni ya mukono, breki ile ya kuvuta, ilikufa zamani, akawasha. Motere ikaimba taratibu. Akaweka kikombe chake cha chai juu yake, chai haikumwagika.

"Unaona, mama? Iko nzima."

"Iko nzima hapa kwako! Unaitibu imelala, na ugonjwa unaishika ikiwa kazini!"

"Sasa nifanye nini? Nilete bendera hapa?"

"Lete!"

Masudi akanivuta kanga. "Mama Amuri, polepole, watu watasikia."

"Wasikie! Kesho Kabasele anakuja. Panda kwenye gari, Masudi. Kaa kama unavyokaa pale biro. Badibanga, toa ule muti, kisha piga mulunzi kama filimbi ya vijana wa Chama."

Badibanga aliangalia barabara kwanza, huku na huku, kwa sababu kuchezea bendera wakati ule kulikuwa na matokeo mabaya. Kisha akatoa muti, akasimama wima katikati ya oili na matairi, akapiga mulunzi. Mimi nikapanda kiti changu. Masudi akanyoosha mugongo, akakaza macho mbele, uso wake wa bendera kabisa. Nilitaka kucheka.

Motere ikaanza kutetemeka. Kilemba kikashuka.

"Wee!" Badibanga akakatiza mulunzi. Hakukimbilia motere. Alifungua mulango wa Masudi akainama chini. "Muguu wako uko wapi?"

"Kwenye freni. Gari itarudi nyuma, sivyo?"

Badibanga akarudisha muti nyuma ya gurudumu. "Toa."

Akatoa. Motere ikatulia.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Vioo vikalia.

Badibanga akacheka mpaka akashika goti. Akatuonyesha kikombe kikubwa cha chuma mbele ya pedali, kile kinachosaidia muguu kukamata freni, na bomba la mupira linalotoka hapo kwenda kwenye motere. Ngozi ya ndani ya kikombe imepasuka, akasema. Ukikanyaga freni, hewa inapita mule, inaingia kwenye motere mahali haitakiwi, motere inashindwa kupumua sawa. Akauchomoa ule mupira, akaziba tundu la motere kwa kidole. Masudi akakanyaga. Motere haikutetemeka.

"Freni haikuwa nzito siku hizi?"

"Ilikuwa nzito," Masudi akasema. "Nilifikiri ni muguu wangu unazeeka."

"Motere yako haifi leo wala kesho. Pale reli kuna Toyota mufu, kikombe chake ni kizima. Nitakupatia."

Nilitaka kumukumbatia Mukasai wa watu. Lakini kwanza nikauliza. "Na akiwa na wapakizi? Si anasimama pale pale, na haitetemeki?"

Badibanga akamuangalia Masudi. Masudi akaangalia usukani.

"Nikiwa na wapakizi ninazima motere," akasema. "Ninaweka vitesi, gia inashika gari yenyewe. Demarere ya kuwasha motere inakataa mara nyingi, lakini wao wanashuka wanasukuma."

"Na ukiwa na mimi?"

"Nikiwa na wewe sizimi."

"Kwa nini?"

"Ungeshuka kusukuma. Nakujua, Halima, usingengoja muntu. Samaki nyuma, kilima mbele, na mugongo wako ulioumia tangu uzazi wa Amuri." Akafuta vumbi kwenye usukani. "Siku uliyoumia nilikuwa Kalima. Niliambiwa tu."

Mimi, mwenye mudomo Kindu nzima inaujua, nilishika kilemba changu. Nilikipandisha, nikakishusha, nikakipandisha tena.

Ijumaa Kabasele alikuja, akanywa chai, akaondoka kwa miguu.

Siku ya soko iliyofuata tulisimama chini ya bendera, Masudi amekanyaga freni, na hakuna kioo kilicholia. Tukashusha samaki. Kurudi sasa, demarere ikakataa. Nikafungua mulango.

"Kaa!" Masudi akapiga kelele, soko zima likageuka. "Usishuke! Dada Riziki! Acha mihogo yako, njoo utusukume!"

"Mimi? Na muke wako amekaa tu kama bibi harusi?"

"Njo hivyo. Sukuma."

Wifi yangu alisukuma, na alinitukana kuanzia soko mpaka motere iliposhika. Mimi nilimupungia mukono dirishani, kwa heshima zote.

Jioni ile Masudi alirudi kulala nyumbani, na alikoroma.