Guled Atumwa Kuyaona Maporomoko

Ardhi ya Garsen imelala mno. Ukiweka yai chini asubuhi, jioni utalikuta pale pale, labda liwe limeiva. Mto wenyewe unapita hapa kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kwa hiyo nilipomwambia Khadra kwamba huko Kwale kuna maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba, aliweka kikombe chini.

Khadra anauza chai na maziwa ya ngamia karibu na soko la mifugo, na mimi, dereva wa greda mstaafu, ni mteja wake wa kudumu. Nilimweleza jinsi nilivyowahi kuegesha greda chini ya maporomoko yale. Niliporudi nililikuta limeoshwa, linang'aa, na samaki wawili wamekaa kitini wananisubiri niwapeleke mjini.

Alicheka, halafu akauliza, "Mzee Miraji, tukiwatoa samaki, kilichobaki ni kweli?"

"Maji ni kweli."

"Basi nataka kwenda. Mimi maji nayajua yakiwa yamelala tu. Na hili goti linaisha. Mwaka huu naweza kushuka mlima. Mwakani sijui."

Tukapanga. Tungelala Mombasa kwa mpwa wake, asubuhi twende Kwale, tushuke msituni kwa miguu mpaka kwenye maji, tule, tupande, jioni turudi. Khadra akaandaa nyirinyiri, ile nyama kavu isiyoharibika safarini, thermos, na madumu ya maji ya kunywa.

"Madumu ya nini, nasi tunakwenda kwenye maji?"

"Nife kiu kwa maneno yako?"

Kikwazo kilikuwa kaka yake, Warsame, dalali wa ng'ombe. "Kwa maneno ya Miraji," alisema, "mimi sihami hata na kuku. Kwanza sahan."

Wafugaji wa Kisomali hawahami bila kumtuma mtu mbele akaone nyasi na maji, na jambo hilo ndilo wanaloliita sahan. Aliyetumwa akirudi na kusema twende, watu wanafungasha. Akisema hapana, hakuna anayebisha. Akachaguliwa Guled, aliyekuwa akienda Mombasa na lori la mbuzi. Guled ni mtu ambaye ukimuuliza habari za asubuhi, anafikiri kwanza.

Aliporudi alipewa chai pale kwa Khadra, na hakuna mteja aliyemgusa kwa swali mpaka alipoimaliza.

"Haya, lete habari," akasema Warsame.

"Maji yapo. Ni mengi. Lakini yana kelele, ng'ombe hatayasogelea. Njia inashuka vibaya, ngamia atavunjika mguu. Chini ya miti hakuna nyasi. Mbung'o wapo, wameniuma shingoni. Njia yote ina mavi ya ndovu." Akakiweka kikombe. "Hapafai. Tusihame."

Warsame akajipiga paja. "Imekwisha!"

"Nani alisema tunahama?" nikapaza sauti. "Tunakwenda na chai, jioni tunarudi!"

"Sahan ni sahan."

Nikamtazama Khadra nikitegemea atabisha. Hakubisha. Amezaliwa kwenye mifugo, na mtoto wa mfugaji habishani na aliyetangulia kuona. Akaichukua ile nyirinyiri akairudisha kabatini, polepole, mgongo wake kwetu.

Ulimi uliniwasha. Ningeweza kusema Guled alipotea njia, akaona mfereji wa shamba la mtu. Lakini neno langu kando ya neno la Guled lina uzito wa pamba. Nikaamua kuuliza tu.

"Bwana Guled, ulifika pale saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Ukaondoka lini?"

Akafikiri. "Askari wa wanyama alipokuja kuniambia wanafunga lango la hifadhi."

"Jioni? Siku nzima ulikuwa ukihesabu mbung'o?"

Watu wakacheka. Guled akachungulia kikombe kitupu.

"Nilikuwa nasubiri yaishe."

"Nini kiishe?"

"Maji. Niliona yale ni ya mvua iliyopita, yatakwisha tu. Nikasema nikae nione mwisho wake, nilete habari kamili." Akajikuna shingo. "Hayakwisha. Na yana ubaridi unaokufika usoni kabla hujayafikia. Nilisahau kula."

Kwa mara ya kwanza nikaiacha habari ya mtu kama ilivyo, bila kuiongezea hata samaki mmoja.

Khadra akageuka. "Guled, mtu wa goti bovu anashuka pale?"

"Kwa fimbo. Polepole."

"Na kupanda?"

"Kupanda ni kubaya. Atakaa chini njiani. Akiinuka atakaa tena, pengine alie. Lakini atafika juu."

"Abaayo," Warsame akamwambia dada yake kwa upole, "umesikia mwenyewe. Hapafai."

"Hapafai ng'ombe," akasema Khadra. "Ng'ombe wabaki."

Warsame akamtazama Guled, na Guled, baada ya kufikiri, akatikisa kichwa kukubali kwamba ng'ombe wanaweza kubaki.

"Basi Guled atangulie," Warsame akasema mwishowe. "Khadra katikati na fimbo. Miraji awe nyuma kabisa, na asimweleze mtu chochote mpaka wafike."