Usafi Mkuu wa Ukumbi wa Kamba

Zimbire ilikuwa nchi iliyofungwa kwa kamba, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Kutoka kila nyumba, kila ghala na kila kitanda cha hospitali ilitoka kamba ya katani, ikapita juu ya mapaa, ikavuka mabonde kwa nguzo, hata ikaingia katika jengo refu lisilo na madirisha ambalo watu waliliita Ukumbi wa Kamba. Humo kamba zote za nchi zilining'inia kutoka darini, nyingine zikiwa zimefungwa juu ya migongo ya wenzao kwa sababu mjenzi wa zamani alikuwa na haraka au uvivu, na vumbi la humo lilitosha kumkohoza mtu wiki nzima. Hakuna aliyefunguliwa maji, aliyepimiwa unga wala aliyetibiwa homa kabla askari wa zamu hajavuta kamba ya nyumba yake na Ukumbi kujibu kwamba naam, nyumba hiyo ipo. Mtukufu Shangali, mtawala wa Zimbire, alikuwa ameweka sheria kwamba uso si ushahidi, kwa kuwa nyuso hufanana na tena huzeeka; kamba ndiyo mtu. Fundi cherehani mmoja, ambaye kamba yake ililiwa na panya, aliishi umri wake uliobaki akiwaeleza maaskari kwamba hajafa, nao walimsikiliza kwa upole kisha wakamwambia aende zake.

Shangali na wakubwa wenzake walikaa Kileleni, mahali pa upepo mzuri, na watu hawa walikula vizuri. Chini yao kulikuwa na Bondeni, mtaa wa wafua nguo na wachoma mahindi, na katikati ya Bondeni ilikuwapo nyumba ndefu ya Wazibuaji, ukoo uliokuwa ukizibua mifereji ya nchi nzima. Mwaka ule Wazibuaji walifukuzwa nchini kwa amri iliyosomwa kwa tarumbeta. Sababu iliyotolewa ni kwamba mifereji haikuwa ikiziba tena, kwa hiyo hawakuhitajika, na hakuna aliyesimama kuuliza mifereji haikuwa ikiziba kwa sababu ya nani. Nyumba yao ilitiwa lakiri ya serikali, ila kamba yao nene, iliyochakaa na kuingia weusi, ilibaki Ukumbini ikining'inia.

Kamba hiyo ilimkera sana Waziri Kiremba, msimamizi wa mambo ya Ukumbi, mtu aliyependa vitu vinavyong'aa. Alimwita Mashavu, mama mwenye sauti nzito aliyekuwa mkuu wa watunza kamba, akamwonyesha mashine iliyoletwa na mafundi wageni: mkasi mkubwa juu ya magurudumu, wenye mkono wa chuma wa kuvutia kamba.

"Ukumbi umekuwa mzito, Mama Mashavu," alisema Kiremba. "Mtu anavuta kamba asubuhi, anajibiwa adhuhuri. Mkasi huu unafanya kazi wenyewe. Unavuta kamba, unangoja kidogo. Huko nyumbani wakivuta mara mbili kujibu, unapita. Wasipojibu, unakata."

"Uchafu upo, Mheshimiwa, sikatai," alisema Mashavu. "Lakini kusafisha kuna utaratibu wake. Kwanza tunasuka pacha wa kila kamba, tunamweka stoo. Halafu tunakata moja, moja tu, tunatuma mtu atembee mpaka mwisho wake aangalie nani analia. Kukiwa kimya ndipo tunaigusa nyingine. Na hii ya Wazibuaji usiiguse kabisa kwanza. Bondeni nzima imefungwa mgongoni mwake. Nipe muda nizihamishe zile kamba ndogo, kisha hii nitaikata mwenyewe."

"Muda kiasi gani?"

"Mpaka masika."

"Sikukuu ya Mtukufu ni kesho, na usafi utafanywa kesho mbele yake. Tena hayo mapacha sitaki kuyasikia. Anayeweka akiba ya kamba anataka kusema kwamba serikali inaweza kukosea."

Mashavu aliinama kwa heshima akatoka. Binti yake wa pekee, Sijali, aliolewa Bondeni na alikuwa na mtoto mchanga. Mkasi ukivuta kamba ya Wazibuaji na nyumba tupu isijibu, Bondeni yote ingekatwa kwa mkato mmoja, na kuanzia saa hiyo Sijali na mwanawe wasingekuwa watu tena mbele ya bomba lolote, ghala lolote wala daktari yeyote. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba siku Wazibuaji walipofukuzwa, yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kuhakikisha nyumba imefungwa, naye alihakikisha, akarudi nyumbani akala chakula chake cha jioni.

Alishuka Bondeni jua likiwa bado juu, akamkuta Sijali akianika nepi.

"Mwanangu, kesho ngoma zikianza, ingia nyumba ya Wazibuaji. Ushike ncha ya kamba mkononi. Ukisikia imevutwa, vuta mara mbili. Usiiachie hata kidogo."

"Mama, mlango una lakiri. Wakinikuta watanifunga."

"Ndiyo. Watakufunga."

Sijali alianika nepi moja, akaanika na ya pili, ndipo akageuka. "Na nisipokwenda?"

"Usipokwenda, keshokutwa utamkuta askari wa bomba anakutazama usoni na hakuoni. Wewe, mtoto, na mtaa mzima."

"Kwa nini mimi, mama? Mtaa una wanaume."

"Sina mwingine ninayethubutu kumwambia," alisema Mashavu.

Sikukuu ilikuwa ya fahari. Shangali alitaka kila mwenye cheo aushuhudie usafi, na kwa kuwa mwenye cheo hatembei peke yake, walikuja na wake zao, watoto wao, wapishi wao, wapepeaji wao na walinzi wa milango yao. Uwanja wa Ukumbi ulijaa hariri na marashi. Watu wa Bondeni hawakualikwa. Waliambiwa wakae majumbani mwao wasije wakaharibu picha.

Mkasi uliingizwa kwa ngoma, na kwa heshima ya siku ile ulianzia kwenye kamba ya Wazibuaji. Mkono wa chuma uliivuta. Mashavu alisimama kando, vidole vyake vimekamata ukingo wa kanga. Kamba ilitulia. Fundi mgeni alitazama saa yake, Kiremba akatabasamu, na makali ya mkasi yakaanza kufunguka taratibu kuizunguka ile kamba nyeusi. Mashavu aliwaza kwamba binti yake amekamatwa mlangoni, au mtoto amelia akaachia ncha kumbembeleza, au yeye mama ndiye aliyemtuma mwanawe gerezani bure.

Kamba ikatikisika mara moja. Kisha ikatikisika tena.

Mkasi ukajifunga na kupita mbele.

"Nani anakaa mle?" Kiremba alinong'ona, na tabasamu lake lilikuwa limekwisha.

"Kamba imejibu, Mheshimiwa," alisema Mashavu. "Na sheria ni kwamba kamba ndiyo mtu."

Sasa mkasi ulizifikia kamba za Kileleni, nzuri, zilizozungushiwa nyuzi za fedha. Mashavu alizitazama, kisha akautazama uwanja uliosheheni watu.

"Mheshimiwa, nyumbani mmemwacha nani?"

"Leo Kileleni hakubaki hata paka, Mama," alijibu Kiremba kwa majivuno. "Wote tumekuja kuona usafi."

Mashavu alifungua kinywa. Nafsi yake ilimwambia apaze sauti, na nafsi hiyohiyo ikamkumbusha nani aliyekataa kusukwa kwa pacha. Wala sitamsafisha hapa: alinyamaza. Mkono wa chuma ulivuta kamba ya kwanza ya fedha, ukangoja, ukakata, ukaenda kwa ya pili. Wakubwa walipiga makofi kila kamba ilipoanguka, kwa kuwa nyuzi za fedha zilimetameta vizuri zikianguka.

Jioni Shangali alifika kwenye lango lake. Askari, aliyekuwa ametangulia kurudi kutoka sikukuu na ambaye asubuhi ile alikuwa amemfungulia lango hilohilo kwa kupiga saluti, alivuta kamba. Ukumbi haukujibu. Akavuta tena.

"Mtukufu, nyumba hii haipo."

"Mimi ni Shangali."

"Ndivyo unavyosema, mzee," alisema askari, akainua mkuki wake kwa adabu na kuuweka mbele ya lango.

Kamba mpya Zimbire haikufungwa hivihivi. Ilipaswa ifungwe juu ya kamba iliyo hai, na anayefungwa alihesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile aliyofungwa juu yake. Watu wa Kileleni walizunguka nchi wakitafuta kamba ya kuwabeba, ila zile nyembamba za wafua nguo zilikatika kwa uzito wao. Iliyokuwa na unene wa kutosha ilikuwa moja tu, na mwisho wake ulikuwa mkononi mwa Sijali, katika nyumba ambayo watu wake walikuwa wamepigwa marufuku kuonekana nchini kwa amri ya Shangali mwenyewe.

Walimkuta amekaa kizingitini akinyonyesha, lakiri iliyovunjika ikiwa miguuni pake. Mashavu alikuwa amesimama karibu naye na kipande cha katani mpya. Mbele ya nyumba mfereji ulikuwa umeziba, maji machafu yalikuwa yakipanda polepole kuelekea barabara ya Kileleni, na majembe ya Wazibuaji yaliegemea ukuta kama walivyoyaacha.

"Nikufunge?" Mashavu alimuuliza Shangali. "Ukifungwa hapa, wewe ni Mzibuaji. Na Mzibuaji, kwa amri iliyopo, anafukuzwa."

"Amri ninaweza kuifuta," alisema Shangali.

"Anayefuta amri ni Mtukufu," alisema Sijali bila kuinua macho, kwa kuwa mtoto ndiyo kwanza alikuwa anasinzia. "Na Mtukufu hana kamba."

Shangali aliyatazama maji yakifika kwenye viatu vyake. Kiremba, nyuma yake, alirudi hatua moja. Kisha Shangali akaunyosha mkono wake wa kuume mbele, na hata leo waliokuwapo hawajapatana kama alikuwa ananyosha ili afungwe kamba, au apewe jembe, au awaonyeshe askari kwa kidole waje wamkamate yule mwanamke na mtoto wake.