Kamera Iliyozamishwa kwa Makusudi

Mke wangu alipostaafu ukunga, wenzake wa wodini walidhani atafungua duka la nguo za watoto. Yeye alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua kamera, lenzi ndefu kama mkono wa mtoto wa shule, na stendi ya miguu mitatu, akaanza kupiga picha ndege. Si harusi, si paspoti. Ndege. Mimi ni kinyozi, na kibanda cha kinyozi hakina siri. Wateja walipomwona anatoka kila alfajiri na begi mgongoni, wakaniuliza kulikoni. Nikawaambia nimeletewa mume mwenza, tena ana jicho moja na analala chumbani kwetu.

Nyumbani tunaitana Baba Pacha na Mama Pacha, kwa ajili ya mapacha wetu ambao siku hizi wana makwao.

Wazo la bima lilikuwa lake. Mtu aliyefanya kazi wodini hajui kusema "haitatokea." Wakala aliyekuja alikuwa binti mmoja ambaye baba yake huwa namnyoa. Alikaa sebuleni kwetu, akapiga picha namba zilizo chini ya kamera na ubavuni mwa lenzi, kisha akaeleza mkataba. Mlango ukivunjwa, au wewe ukiporwa njiani, unalipwa. Ukiliacha begi mahali wazi ukaenda zako, hilo ni shauri lako. Kifaa kikianguka, kikivunjika au kikiingia maji kwa bahati mbaya, unalipwa. Uchakavu hulipwi, na uharibifu wa kukusudia ndiyo kabisa usahau. Mama Pacha alimuuliza maswali mpaka chai ya yule binti ikapoa. Nikamtania kwamba mimi nimeishi naye miaka yote hiyo na hajanikatia bima.

"Wewe ukiharibika nitakutengeneza mwenyewe," akasema, na akaweka sahihi.

Sasa, nyuma ya kiwanda cha matofali kuna bwawa. Zamani lilikuwa shimo la kuchimbia udongo, kiwanda kikahama upande wa pili, mvua zikalijaza. Kingo zake ni za mfinyanzi mtupu, zikilowa zinateleza kama sabuni. Mdiria anapapenda pale, yule ndege anayejitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki mdomoni. Ng'ambo kuna bustani ya mboga, na mwenye bustani ana pampu ndogo ya petroli anayovutia maji. Alikuwa mtu mzima, ametuzidi umri sisi sote, wala hakumpenda Mama Pacha sana, maana alimwona kama mtu asiye na kazi. Salamu yao ilikuwa ya kuinua kidevu tu.

Haya yanayofuata sikuyaona. Nayasimulia kama nilivyoyasikia kwao wote wawili.

Asubuhi hiyo bomba la pampu liliziba kwa majani. Mzee akashuka kulizibua, ukingo ukamegeka chini ya miguu yake, akaenda nao. Alikuwa amevaa buti za mpira, zikajaa maji mara moja. Mama Pacha alisikia kishindo, akadhani ni bonge la udongo limeporomoka, kisha akaona mkono. Aliacha begi palepale njiani, likiwa wazi, akazunguka bwawa mbio na stendi begani, kamera ikiwa bado imefungwa juu yake.

Kuogelea hajui. Hilo analisema waziwazi. Akalala kifudifudi, akakita mguu mmoja kwenye fremu ya pampu, akaivuta miguu ya stendi mpaka urefu wake wa mwisho, akaishika huko miguuni na kusukuma upande wa kamera kuelekea kwa mzee. Lenzi ndiyo iliyomfikia kwanza. Mzee akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anavyokumbatia shingo ya mama yake, na vyote vikazama, mzee na kamera, kisha vikaibuka pamoja.

Mzee anasema kilichomwokoa zaidi ni sauti. Alikuwa anapiga piga maji kwa hofu, na mama yule hakumpigia kelele. Alizungumza naye kwa upole wenye amri. Tulia. Pumua. Bado, usivute. Nikikwambia ndipo uvute. Haya, sasa, sukuma kwa miguu. Pumzika. Tena. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka kifua cha mzee kikalala kwenye matope na mama akamkamata kwenye mkanda wa suruali.

"Nilizaliwa upya," mzee huwaambia watu. "Na nilikuwa mtoto mzito."

Watu wa kiwandani walipokuja wakawakuta wamekaa ukingoni, wekundu kwa udongo kuanzia nywele hadi vidole. Stendi ilikuwa imepinda. Lenzi ilikuwa imeng'oka kwenye kamera na ndani yake mna maji ya rangi ya chai. Katika purukushani ile, begi lililoachwa njiani, lenye lenzi ndogo na chaja, likaota mbawa. Hatukuliona tena.

Aliporudi nyumbani nilimchemshia maji ya kuoga. Kwanza nilimshukuru Mungu. Baadaye nikaanza kufikiria bima. Nikamwambia jambo lenyewe ni jepesi: kamera ilianguka bwawani. Nani atabisha? Maji yalikuwa yameingia kweli.

"Haikuanguka, Baba Pacha. Niliisukuma mimi."

Nikamkumbusha maneno ya wakala kuhusu uharibifu wa kukusudia. Akasema anayakumbuka. Nikamwambia kuokoa mtu si dhambi ya kulipia. Akasema hajasema ni dhambi, amesema hakuiangusha. Miaka yote wodini alikuwa anaandika kilichotokea, hata pale kilichotokea kilipomweka yeye pabaya, na hakuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya kioo na betri. Mke wangu akishatua neno, huliinui.

Kampuni ilimtuma mkaguzi, mwanamume mpole mwenye kikohozi kikavu. Alikuwa ameshapita bwawani kabla ya kufika kwetu. Viatu vyake vilisema hivyo mlangoni. Aliigeuza kamera mkononi, akaitikisa, akaisikiliza. Akauliza ile stendi inaachanaje na kamera. Mama Pacha akamwonyesha: unabonyeza kitufe hiki, unavuta, basi.

"Kwa hiyo ungeweza kuichomoa kwanza," mkaguzi akasema.

"Ningeweza."

Nikamgusa mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake.

"Na ulijua inaingia majini?"

"Nilijua. Niliiacha kwa sababu ya ile lenzi. Bila lenzi stendi isingemfikia, na hata kama ingemfikia, asingekuwa na pa kushika. Niliitumia, mwanangu. Haikuniponyoka."

Mimi nilikuwa naangalia ukuta, nikijiambia basi, bima ndiyo imeshakwenda. Kisha mkaguzi akatoa mkataba kwenye mkoba wake, akafungua ukurasa wa uharibifu wa kukusudia na kusoma kwa sauti mpaka mwisho wa sentensi, mahali ambapo sisi hatukuwahi kufika: isipokuwa pale mwenye mali alipokuwa akijaribu kuokoa maisha ya mtu.

"Ungeniambia ilianguka tu," akasema, "ningekuuliza mbona stendi imepinda namna hii, na tungesumbuana sana. Yule mzee amenieleza vilevile ulivyonieleza wewe. Mama, nina miaka mingi katika kazi hii. Watu huniambia kidogo. Wewe umeniambia yote."

Alipokwisha kuondoka nilimuuliza Mama Pacha, yeye aliyempoozea binti wa watu chai kwa maswali, ilikuwaje asikione kile kifungu.

"Nilisoma yanayonifunga," akasema. "Yanayonifungua sikuyatafuta."

Walilipa kamera, lenzi na stendi, wakikata ile sehemu ya hasara ambayo mwenye mali hubeba mwenyewe. Begi hawakulilipa. Mimi nilitaka tulalamike, lakini yeye akasema liliachwa wazi bila mtu, na hayo aliyasikia tangu mwanzo kwa masikio yake mawili. Lenzi ndogo aliinunua mtumba baadaye.

Mzee wa bustani siku hizi ni mteja wangu. Akikaa kitini huwasimulia wenzake, na kila akisimulia bwawa linaongezeka kina. Humwita mke wangu mama, ingawa kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa, na mimi ananiita baba, jambo linalowachekesha vijana mpaka nashindwa kunyoa. Juzi alikuwa amefika kwenye sehemu ya buti za mpira, Mama Pacha akapita mlangoni na kamera mpya begani. Alimwamkia, akasubiri mzee amalize sentensi, kisha akamuuliza kama ameshaweka ngazi na kamba pale kwenye pampu kama alivyomwahidi. Mzee akasema ameweka. Mama Pacha akaitikia vizuri, akaenda kuviangalia mwenyewe.